Kuhamisha okidi isiyo na majani katika miombo ya Kondoa: shajara ya mradi

20 Mei 2023. Mmea, mahali na kibali

Shajara hii inaandikwa ili wanaoishi jirani na miombo mikavu ya katikati ya Tanzania waweze kuifuata au kuirudia kazi yetu. Chini ya vilima vya Irangi, wilayani Kondoa, kuna eneo ambalo kijiji kimelipangia kilimo cha alizeti, na miti yake imeanza kukatwa kwa ruhusa halali. Hatupingi uamuzi huo. Tunachofanya ni kupita nyuma ya wakataji, kukagua kila tawi linaloanguka, na kuziokoa okidi zilizolishika kabla halijaingia kwenye tanuru la mkaa.

Okidi yenyewe ni Microcoelia exilis. Jenasi yake ina takriban spishi 30, zote za Afrika, Madagascar na visiwa vya jirani, na John Lindley aliielezea kisayansi mwaka 1830 kwa kutumia spishi hii hii. Haina majani ya kawaida. Ina magamba madogo ya kahawia tu kwenye shina fupi ambalo huwezi kuliona mpaka upenue mizizi kwa vidole. Kinachoonekana ni fundo la mizizi myembamba iliyosokotana juu ya tawi, na kwa anayepita chini yake wakati wa kiangazi ni kama kiota kilichotelekezwa. Ukiudondoshea mzizi tone la maji, mahali hapo hugeuka kutoka rangi ya majivu kuwa kijani ukiwa unatazama, kwa sababu ganda la nje la seli zilizokufa, liitwalo velameni, hunywa maji na kuwa angavu, na klorofili iliyo chini yake huonekana. Mizizi hiyo ndiyo inayofyonza maji, ndiyo inayoshika mti, na ndiyo inayotengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Kila kosa lililoandikwa katika shajara hii linatokana na kusahau mojawapo ya kazi hizo tatu.

Kwa Afrika nzima spishi hii haihesabiwi kuwa adimu, kwa kuwa inapatikana kuanzia Kenya na Uganda hadi Afrika Kusini na Madagascar. Adimu ni kwetu. Ardhi ya Kondoa ilichakaa kwa mmomonyoko kiasi kwamba mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kabisa katika eneo lililoharibika zaidi. Uoto ulirudi, na ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, katika miombo michanga iliyoota tena hatujaiona okidi hii. Tumeikuta kwenye miti mizee iliyonusurika, yenye gome lililopasuka na lenye mikunjo. Mti wa namna hiyo ndio ambao mchoma mkaa huutamani kuliko yote, na tangu serikali ilipohamia Dodoma, jiji lililo umbali wa takriban kilomita 160 kwa barabara ya lami, soko la mkaa limekuwa karibu na kubwa.

Kabla ya kugusa tawi lolote tuliwasilisha maombi kwa serikali ya kijiji, kupitia kamati ya maliasili, na kwa ofisa misitu wa wilaya. Okidi zote zimo katika viambatisho vya mkataba wa CITES, nyingi zikiwa katika Kiambatisho cha II, hivyo biashara yake ya kuvuka mipaka inahitaji kibali. Kanuni yetu ni rahisi: hatubandui okidi kwenye mti uliosimama, hatuuzi, na hatuandiki hapa mahali penyewe pa miti.

Gharama hadi sasa: ngazi ya mbao shilingi 40,000 na lenzi ya mkono shilingi 15,000. Nauli za bodaboda kila mmoja anajilipia.

24 Juni 2023. Njia ya kwanza: kubandua mizizi

Njia hii imeshindwa, na inafaa kueleza kwa nini, kwa sababu ndiyo njia ambayo mtu yeyote angeanza nayo.

Tulibandua mimea kutoka kwenye matawi yaliyokatwa kwa kupitisha kisu butu kati ya mzizi na gome, kisha tukaifunga kwenye matawi ya miti hai kwa uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, ambao uligharimu shilingi 3,000. Ukitazama kwa lenzi upande wa mzizi unaogusa gome, unaona kwamba umebapa na umeingia ndani ya kila ufa. Mzizi uliobanduliwa huacha sehemu ya ganda lake kwenye gome, na pale ulipochubuka hugeuka kahawia ndani ya siku chache. Mmea wenye majani ungeweza kupoteza nusu ya mizizi yake na bado ukaishi kwa majani mpaka uote mingine. Huu hauna akiba hiyo, kwani kila mzizi unaokatika ni jani lililokatika pia. Mimea mingi ilinyauka mwezi huo huo, na iliyobaki imepoteza ncha za kijani ambazo ndizo zinazokua.

Kikwazo kingine kilikuwa cha maneno. Baadhi ya majirani walitushauri tuiache iungue, wakiamini inanyonya mti sawa na ulimbo. Tulikata tawi lenye okidi kwa upande, mbele yao, tukaonyesha kwamba mizizi inaishia juu ya gome na haiingii kwenye mbao. Ulimbo una kijani cha majani lakini hupenyeza kiungo chake ndani ya mti na kunywa maji yake. Okidi hii hukaa tu juu ya gome na kunywa mvua na umande. Baada ya onyesho hilo wakataji wenyewe walianza kututengea matawi pembeni, na hilo limetusaidia kuliko kifaa chochote tulichonunua.

9 Septemba 2023. Makumbi ya nazi, maji ya kisima na mwembe

Kwa kuwa tatizo la kwanza lilionekana kuwa ukavu, tulijaribu kuizungushia mizizi makumbi ya nazi yaliyolowekwa. Nazi haioti huku. Gunia la makumbi pamoja na usafirishaji wake kutoka pwani liligharimu shilingi 25,000. Matokeo yalikuwa mabaya kuliko ya ukavu. Mizizi iliyofunikwa ilibaki kijani mchana na usiku, jambo lililotufurahisha mwanzoni, kisha ikalainika na kuoza kuanzia katikati ya fundo kwenda nje.

Sababu yake iko katika namna mmea unavyopumua. Okidi zisizo na majani zilizochunguzwa hufyonza hewa ya ukaa usiku na kuitunza kama tindikali, halafu huitumia mchana jua linapowaka, na kwa njia hiyo hazipotezi maji wakati wa joto. Velameni iliyojaa maji huzuia hewa kupita. Mzizi unaolala umelowa usiku kucha unakosa hewa katika saa zile zile ambazo ungeihitaji, na hapo kuvu waharibifu hupata nafasi. Tumeondoa makumbi yote, na unyunyizaji sasa unafanyika asubuhi na mapema tu, ili mizizi iwe imerudia rangi ya majivu kabla ya jioni.

Maji nayo yalileta shida. Maji ya kisima tuliyotumia yana chumvi, kama yalivyo mengi ya mkoa huu, na baada ya wiki chache utando mweupe ulitanda juu ya mizizi. Utando huo ukilowa haugeuki kijani, na ndivyo unavyoutofautisha na velameni yenyewe. Tuliomba maji ya mvua yaliyobaki katika tangi la shule, kisha tukanunua tangi letu la lita 500 kwa shilingi 120,000 na mfereji wa bati kwa shilingi 30,000, pamoja na pampu ya kunyunyizia kwa shilingi 28,000. Wenye vipato vidogo wasikate tamaa kwa hesabu hii, maana mbele itaonekana kwamba sehemu kubwa yake haikuwa ya lazima.

Mimea michache tuliyoitundika kwenye mwembe karibu na nyumba, kwa ajili ya urahisi wa kuihudumia, imekonda. Mwembe una kivuli kizito mwaka mzima. Miombo hupukutisha majani kiangazi na kuchipua mengine mekundu kabla ya mvua, hivyo okidi hupata mwanga mwingi kwa miezi kadhaa. Tumeirudisha yote msituni.

2 Desemba 2023. Kipande cha tawi pamoja na gome lake

Hii ndiyo njia tunayoiamini, na naiandika kwa kirefu.

Hatubandui tena chochote. Tunakata kipande cha tawi kinachobeba mmea mzima, tukiacha nafasi ya kiganja kimoja kila upande zaidi ya mahali mizizi inapoishia. Tawi lisizidi unene wa sentimita 4 au 5. Tawi nene zaidi tunalipasua kwa urefu na kuchukua nusu yenye mmea, kwa kuwa kipande kizito huyumba kwenye upepo na kukata ncha za mizizi zinazojaribu kuvuka kwenda kwenye mti mpya. Kipande kinalazwa juu ya tawi hai la mti wa jamii ile ile, Brachystegia kwa Brachystegia na Julbernardia kwa Julbernardia (hizo ni jenasi mbili za miti ya miombo), upande wa mashariki wa mti ili kipate jua la asubuhi, na ncha za mizizi zielekezwe kwenye gome hai. Gome la kipande na gome la mti ziguse. Nafasi ya nusu sentimita inatosha kuufanya mzizi ugeuke na kuning'inia hewani.

Suala la kufungia lilitatuliwa na mzee mmoja mfugaji wa nyuki, aliyetukuta tukikaza uzi wa nailoni. Alitusalimia, akatazama kazi kwa muda, kisha akaniambia: "Mwalimu, uzi huu hauozi. Mti ukinenepa utajinyonga. Kamba si hiyo unayoikanyaga?" Alikuwa akionyesha magome ya miti iliyokatwa, yaliyolala chini. Gome la ndani la miombo huchunwa kwa vipande virefu, hulowekwa kidogo, na hufunga kwa nguvu kabisa. Wafugaji wa nyuki wamefungia nalo mizinga tangu zamani. Hukaa imara kwa msimu mmoja wa mvua au zaidi, halafu huoza lenyewe, wakati ambao mizizi imekwisha kushika. Tulimwambia, "Asante sana, Mzee," na nailoni yote ikakatwa siku hiyo. Miti miwili ilikuwa tayari na alama ya mkato.

Jambo la kuangalia ni mchwa. Ukataji unafanyika kiangazi na uhamishaji unafaa kungoja dalili za mvua, kwa hiyo vipande hukaa wiki kadhaa vikisubiri. Vile tulivyoviegemeza chini ya mti vilijengewa udongo na mchwa, na gome lake likabanduka likiwa na okidi. Sasa vinatundikwa kwa waya, uliogharimu shilingi 6,000, katikati ya miti miwili penye kivuli chepesi, na ncha zote za waya zinapakwa oili chafu ili mchwa wasivuke. Oili isikaribie mizizi.

Mvua za El Niño zimeanza kwa nguvu, na kazi ya kufunga vipande imekamilika kwa msimu huu.

23 Machi 2024. Baada ya mvua

Dodoma hupata takriban milimita 570 za mvua kwa mwaka wa wastani, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Msimu huu umekuwa wa mvua nyingi mno, hivyo atakayelinganisha matokeo yake na yetu akumbuke hilo.

Mimea iliyofungwa pamoja na gome lake imeishi kwa sehemu kubwa, na mingi imetoa ncha mpya. Ncha hai ni ya kijani kibichi inayong'aa, yenye urefu wa milimita chache, na nyuma yake mzizi hupauka taratibu kadiri velameni inavyokomaa. Kwenye vipande vilivyogusana vizuri na mti, ncha zimevuka na kubapa juu ya gome hai. Hapo ndipo tunapohesabu kwamba mmea umehama. Kipande cha zamani kitaoza, na mmea hautakihitaji.

Mimea kadhaa imechanua. Vikonyo vyake ni vyembamba kama uzi, na kila kimoja kimebeba maua mengi meupe ambayo hakuna hata moja linalofikia milimita 3. Nyuma ya ua kuna kifuko cha duara chenye upana wa milimita 1 hivi, na kifuko hicho cha duara ndicho kilichotuthibitishia jina la spishi. Niliposhika kikonyo kimoja karibu na lenzi kwa mara ya kwanza, nilielewa kwa nini watu wamepita chini ya mmea huu maisha yao yote bila kujua kwamba unatoa maua.

Tatizo la msimu lilikuwa lebo. Tulizikata kutoka makopo ya soda, na tumbili walivutwa na mng'ao wake. Walizing'oa na kuvuta vipande vya matawi pamoja nazo. Tulizipaka lebo mpya rangi ya kahawia isiyong'aa, kwa shilingi 8,000, tukazifunga upande wa chini wa tawi na mbali na mmea. Tangu hapo hazijaguswa.

12 Oktoba 2024. Moto

Moto wa kiangazi ulipita katika sehemu ya msitu mwanzoni mwa mwezi huu. Mimea iliyokuwa chini ya mita 2 imeungua au imekauka kwa joto, hata pale ambapo gome la mti halikuguswa na mwali. Mizizi iliyopigwa na joto inakuwa ya kahawia iliyokolea na kuvunjika ukiigusa, na kuimwagilia hakusaidii. Iliyokuwa juu ya mita 3 imesalimika karibu yote.

Okidi za Nyanda za Juu Kusini zinachimbwa kwa ajili ya viazi vyake, ambavyo huuzwa hadi Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda, na Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyoanzishwa mwaka 2005, inalinda uwanda ambao ni maarufu kwa okidi na maua mengine. Okidi yetu haina kiazi na hakuna anayeila. Maadui zake ni shoka na moto, na moto ndio unaoweza kufuta kazi ya miaka miwili kwa mchana mmoja.

Tumekubaliana na kamati ya maliasili kwamba kuanzia mwaka ujao njia za kuzuia moto zitafyekwa mwezi Mei, na nyasi zilizo kando yake zitachomwa mapema mwezi Juni, zikiwa bado na unyevu kiasi cha moto kutambaa chini kwa upole. Wafugaji wa nyuki walikuwa wa kwanza kujitolea, kwa kuwa moto wa Oktoba huwaunguzia mizinga pia. Unga, maharage na chai kwa siku za kufyeka vimekadiriwa kuwa shilingi 60,000. Vipande vyote vipya vitafungwa kuanzia mita 3 kwenda juu, jambo linalofanya ngazi kuwa kifaa muhimu kuliko pampu.

19 Aprili 2025. Mbegu

Matunda machache yamekomaa, na tumejaribu kupanda mbegu. Matokeo hadi sasa: hakuna kilichoota.

Mbegu ya okidi ni vumbi. Haina akiba ya chakula ndani yake, na haiwezi kuendelea bila kukutana na kuvu anayefaa, ambaye huulisha mche mchanga. Mfaransa Noël Bernard aligundua uhusiano huo mwaka 1899. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kwamba mbegu za okidi zinaweza kuoteshwa bila kuvu, kwenye chupa safi zenye sukari na madini. Njia ya Knudson inahitaji maabara isiyo na vijidudu kabisa. Tuliijaribu katika maabara ya shule moja kwa kutumia jiko la shinikizo la kupikia, na ukungu ulijaza chupa zote ndani ya wiki moja. Hatutairudia mpaka tupate chumba kinachofaa.

Njia ya pili ni kupaka mbegu kwenye gome lililo karibu na mizizi ya mmea uliokomaa, tukitarajia kwamba kuvu anayeishi ndani ya mizizi hiyo anaishi pia kwenye gome. Tunafungua tunda linapoanza kupasuka, siku isiyo na upepo, na kusugua vumbi lake kwa brashi laini ndani ya nyufa zilizo upande wa kaskazini na wa kusini wa tawi, sentimita 5 hadi 20 kutoka kwenye mmea. Tumeacha nusu ya matunda yapasuke yenyewe, ili tusiunyime msitu mbegu zake kwa ajili ya jaribio letu.

Hili linaonyesha pia thamani ya kuhamisha gome zima: pamoja na mmea tunahamisha, kwa kadiri inavyowezekana, kuvu wanaoishi pale. Mmea uliobanduliwa ukafungwa kwenye ubao ungeweza hata kuishi, lakini hatuoni namna ambavyo ungeacha watoto.

29 Novemba 2025. Hesabu, na kazi ya msimu huu

Njia za moto zilifyekwa Mei na nyasi zikachomwa Juni kama ilivyopangwa. Moto wa kiangazi uliokuja Septemba ulisimama kwenye njia hizo, na hakuna mmea uliopotea kwa joto.

Vifaa na chakula cha wafyekaji, bila nauli, vimefikia shilingi 335,000. Kati ya hizo, makumbi na nailoni vilipotea bure, na tangi, mfereji na pampu havihitajiki kwa anayengoja mvua zikaribie na kuwa na madumu machache ya maji ya mvua kwa vipande vinavyosubiri. Ngazi, lenzi, waya, rangi na chakula cha wafyekaji ni shilingi 129,000, na kiasi hicho kinatosha kuanza.

Shamba la alizeti limekamilika na hakuna matawi mengine ya kuokoa upande huo. Kamati imekubali kutenga kipande cha msitu chenye miti mizee iliyobaki na kuanza utaratibu wa kukifanya hifadhi ya msitu ya kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Ramani ya awali imechorwa na mipaka itapitiwa na majirani wa pande zote kabla ya kupelekwa wilayani. Mimea iliyohamishwa iko ndani ya kipande hicho.

Wiki hii tunakagua kamba za magome zilizofungwa mwaka 2023. Nyingi zimekwisha kuoza na mizizi imeshika vizuri. Pale ambapo kipande bado kinacheza kikiguswa, kinafungwa upya kwa gome jipya kabla mvua hazijakolea. Nyufa zilizopakwa mbegu zitatazamwa kwa lenzi mwezi Aprili, na matokeo yataandikwa hapa, yawe mazuri au mabaya.